Leseni ya bunduki: kutoka Unguja hadi Birmingham

Mkazi wa Washwood Heath, mtaa wa mashariki mwa jiji la Birmingham wenye familia nyingi za asili ya Pakistan na Somalia, akitaka kumiliki bunduki hana budi kupeleka maombi yake kwa Polisi wa West Midlands. Kwa bunduki ya risasi atataja sababu ya kuridhisha, kama vile kuwinda au kulenga shabaha katika klabu. Kujilinda si sababu. Watu wawili wanaomfahamu watamdhamini, daktari ataulizwa juu ya afya yake ya mwili na ya akili, na polisi watafika nyumbani kukagua kabati la chuma atakamofungia silaha. Cheti hudumu miaka 5. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sheria haimlazimishi kila mwombaji kupata mafunzo, ingawa klabu zilizoidhinishwa na serikali humweka mwanachama mpya katika majaribio kwa muda usiopungua miezi 3.

Utaratibu huu wa kumchunguza mtu si wa kale sana nchini Uingereza, wala haukuanzia huko.

Birmingham iliishi kwa bunduki. Mafundi wake, waliokusanyika katika eneo liitwalo Gun Quarter, kaskazini mwa kitovu cha jiji, waliyauzia majeshi ya mfalme, na wakaupelekea pwani ya Afrika Magharibi shehena za bunduki zilizobadilishwa kwa watumwa. Mwaka 1813 Bunge liliweka sheria iliyoanzisha Proof House, nyumba ya kupimia mitutu, ambayo ingali ikifanya kazi katika barabara ya Banbury. Mtutu hujaribiwa kwa baruti yenye nguvu kupita kiasi cha kawaida. Usipopasuka, hugongwa muhuri. Sheria hiyo ilimkinga mnunuzi asije akapasukiwa na bunduki usoni. Haikuuliza mnunuzi ni nani, wala ataelekeza mtutu wapi. Hata leseni ya mwaka 1870 ilikuwa kodi tu: shilingi 10, zinalipwa posta.

Swali la nani ashike bunduki lilikuwa limekwisha kuulizwa Afrika. Majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki za kisasa, zile zilizoachwa ziliuzwa kwa bei nafuu, na bandari ya Unguja ikawa mlango wake. Maafisa wa Uingereza kisiwani humo walikadiria mwaka 1888 kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita hapo kwa mwaka. Mwaka 1890 ukatiwa saini Mkataba wa Brussels, Zanzibar ikiwa miongoni mwa waliotia saini. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, silaha zilizoingia ziliwekwa katika ghala la serikali. Aliyetaka kuichukua moja kwa matumizi yake alipaswa kutoa dhamana ya kutosha kwamba hataiuza wala kumpa mwingine, nayo ikapigwa alama na kuandikwa. Magumegume na baruti ya kawaida yaliruhusiwa kuuzwa kwa masharti mepesi zaidi.

Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Lakini mkataba huo ulikuja mwaka mmoja tu baada ya Wajerumani kumnyonga Abushiri bin Salim huko Pangani, na ni vigumu kuamini kwamba watawala hawakuwa na hofu nyingine mioyoni.

Hofu hiyo ilirudi nyumbani. Kamati ya serikali ya mwaka 1918 mjini London ilionya kwamba silaha zilizobaki baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zingeweza kuwafikia watu wa makoloni ya mbali, na pia wachochezi wa miji mikubwa. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1920: miaka 30 baada ya Unguja, mkazi wa Birmingham naye akatakiwa kumridhisha mkuu wa polisi kabla ya kushika bastola au bunduki ya risasi. Bunduki za marisawa hazikuhitaji cheti hadi miaka ya 1960.

Masharti mengine yaliandikwa kwa damu. Baada ya watu 16 kuuawa Hungerford mwaka 1987, bunduki nyingi za kujijaza zilipigwa marufuku. Baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane mwaka 1996, karibu bastola zote zilifuata. Ripoti ya daktari ikawa sharti mwaka 2021, mwaka ule ule ambao mtu mmoja wa Plymouth, aliyekuwa amerudishiwa bunduki na cheti chake na polisi wiki chache tu kabla, aliwaua watu 5.

Upenyo mmoja ulibaki, nao ulikuwa katika ukongwe. Bunduki za kale ambazo risasi zake hazitengenezwi tena hazikuhitaji cheti. Mfanyabiashara mmoja wa silaha aliyeandikishwa kihalali alizitengeneza risasi hizo kwa mkono, na wapelelezi wakazihusisha na matukio zaidi ya 100 ya uhalifu, mengi yakiwa Birmingham na viunga vyake. Mwaka 2017 mahakama ya jiji hilo ilimfunga miaka 30. Mwaka 2021 serikali iliandika upya orodha ya silaha zihesabiwazo kuwa za kale, na aina 7 za risasi zikaondolewa humo.