Kichwa cha Mashini na Miguu Yake

Mashini ya kushona ya kukanyaga ina sehemu mbili zinazoachana bila ugomvi. Kilaze kichwa chake nyuma, utaona skrubu mbili ndogo kwenye bawaba. Zilegeze, vua mkanda kwenye gurudumu, na kichwa kinatoka kizima, chuma cha zaidi ya kilo 10, meza na miguu vikibaki palepale. Kwa fundi wa Dar es Salaam hiyo ni kazi ya siku ya kutia mafuta. Kwa fundi wa Masisi au Walikale, Kivu Kaskazini nchini Kongo, ni hesabu ya usiku wa kukimbia vita, maana kichwa hubebeka na miguu haibebeki.

Pwani wanaiita cherehani. Kivu Kaskazini wengi wanasema mashini tu, na kitambaa anachojifunga mama ni kikwembe, wingi bikwembe, na blauzi yake ni libaya. Maneno haya hayana umri mkubwa huku. Kabla yake watu walivaa miti na ng'ombe.

Miti ilikuwa ya upande wa Walikale, katika msitu wa Wanyanga. Gome la ndani la miti ya jamii ya mkuyu lilibanduliwa, likakwanguliwa, likalowekwa, kisha likagongwa kwa nyundo yenye mifuo mpaka likatanuka na kulainika kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Penye tundu palitiwa kiraka na kushonwa kwa nyuzi za mimea. Huko Buganda wameishika kazi hiyo hadi leo, na UNESCO iliipa heshima mwaka 2005. Katika msitu wa Wanyanga ilififia kimyakimya.

Anayetaka kujua Wanyanga walithamini vipi kazi ya mikono asome habari za Mwindo, utenzi ambao Mbelgiji Daniel Biebuyck aliuandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Candi Rureke, ukachapishwa 1969 pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo anazaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, na begani ana kifuko cha bahati chenye kamba ndefu ndani yake. Baba yake, ambaye hataki mtoto wa kiume, anamtia ndani ya ngoma iliyowambwa ngozi na kumtupa mtoni. Mimi hukisoma kisa hiki kwa jicho la fundi. Kifuko kimoja na ngozi moja iliyowambwa barabara vimebeba sehemu kubwa ya simulizi.

Ng'ombe walikuwa wa upande wa Masisi, nchi ya milima na majani. Kwa Wahunde walioikalia tangu zamani, serikali ya Wabelgiji iliwaongeza makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, katika mpango ulioendeshwa tangu 1937 hadi 1955, ili kupata mikono ya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Bibi za wahamiaji hao walikuwa wamevaa inkanda, sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa. Sikio la Mswahili linasikia humo kukanda, na ndivyo ilivyotengenezwa: ngozi ilitandazwa juani kwa vigingi, ikakwanguliwa, kisha ikapakwa siagi na kukandwa, na kukandwa tena, mpaka ikakubali kufuata mwili wa mtu.

Pamba iliyoyaondoa magome na ngozi ilitoka mbali. Marekani ilifanya mkataba na Sultani wa Maskati, aliyetawala pia Zanzibar, mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zikishusha kitambaa cheupe ambacho hakijapaushwa. Wateja wakakiita merikani. Misafara ilikipandisha bara kwa majora, kikapimwa kwa mkono na kwa doti, kikalipia pembe za ndovu, chakula na, aibu yetu, watu. Wangwana, watu wa misafara hiyo, waliotoka Nyangwe na Kasongo na kuingia msituni walileta bunduki, kitambaa na lugha hii ninayoiandika. Lugha na nguo zimekaa. Ndiyo maana sioni sababu ya kuisimulia historia ya kikwembe kama hadithi ya zawadi.

Chini ya Wabelgiji nguo ikawa na bei ya fedha, na fedha ikatoka shambani, kwenye chai, kahawa na pareto. Fundi wa kwanza katika vituo vingi alikuwa mwanamume aliyeketi barazani mwa duka la Mhindi au Mgiriki. Mteja alinunua kitambaa ndani, akapimwa nje. Wanawake waliipata sindano kwa mlango mwingine. Masista wa misheni, na baada ya vita vya pili vya dunia zile nyumba za mafunzo ya akina mama zilizoitwa foyer social, waliwafundisha kukunja pindo, kutia viraka na kudarizi vitambaa vya meza. Shabaha ilikuwa mke nadhifu wa karani. Wachache walipewa mashini, na mpaka leo ukiona mama wa makamo anayetia pindo kwa mkono haraka kuliko mashini, yaelekea mkono wake au wa mama yake umepita kwa masista.

Kisha Rais Mobutu akaingia ndani ya kabati za watu. Nchi ilipogeuzwa Zaire mwaka 1971, suti na tai zikawa vazi la mkoloni, na badala yake ikaja abakosti, koti lisilovaliwa na tai, jina lake likitokana na maneno ya Kifaransa ya kuikataa suti. Wanawake walikatazwa suruali wakarudishwa kwenye kikwembe. Wakubwa waliagiza abakosti zao Ulaya. Mwalimu na karani walikwenda kwa fundi wa mtaani, naye ilimbidi ajifunze kola mpya. Sera ya kuwafanya watu wavae kwa amri ni ya kipuuzi, lakini mafundi walikula. Furaha ilikatizwa upesi: Novemba 1973 maduka ya wageni yalichukuliwa na kugawiwa wenye vyeo, na wengi wao hawakujua biashara. Rafu zilibaki tupu, na uzi wenyewe ukawa wa kutafutwa.

Na ngozi je? Hapa ndipo Masisi hunishangaza. Malisho yalipanuka, maziwa yakawa jibini inayojulikana mpaka Kinshasa, lakini sijawahi kusikia kiatu au mkoba unaotajwa kwa jina la Masisi. Kulainisha ngozi kunataka maji, siku nyingi na mtu ambaye hatahama. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi, na katika miaka iliyofuata ng'ombe waliporwa kwa makundi. Ngozi iliyobaki karibu na fundi ni ule ukanda mwembamba wa mviringo unaounganisha kanyagio na kichwa, ncha zake mbili zikishikwa na kipini cha waya. Ukikatika, mashini nzima ni pambo.

Vita ndivyo vilivyogeuza kushona kuwa kazi ya wanawake. HEAL Africa, hospitali ya Goma iliyoanzishwa na daktari Jo Lusi na mkewe Lyn, iliwafundisha kushona wagonjwa waliokuwa wakingoja upasuaji, wengi wakiwa wametoka vijijini kama vya Masisi na Walikale. Shule za sekondari nazo zina mkondo wa coupe-couture, yaani kukata na kushona. Mitumba, ambayo Wanyarwanda wanaiita caguwa kutoka chagua letu, imeua shati la kushonesha. Haijaua sare ya shule, bluu na nyeupe, ya kila Septemba, wala bikwembe vya sikukuu ya wanawake ya tarehe 8 Machi, ambavyo kila kikundi hutaka vifanane na kila mwili hutaka vipimo vyake.

Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi-kati, kisha Goma. Machi wakafika Walikale-kati, wakaondoka Aprili. Kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa Goma zilivunjwa, watu wakabeba tena vyao.

Kichwa kilichofika bila miguu huwekwa juu ya ubao, na kwenye gurudumu lake hufungwa mkono wa kuzungusha. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto peke yake unaongoza kitambaa. Mshono wa sketi ya bluu huenda polepole hivyo, na fundi husimama kila akifika kwenye rinda.