Mnyama aliyeandikwa katika ukoo usio wake

Vijana wetu wanaoanza masomo ya wanyama katika chuo kikuu hunung'unika sana juu ya kazi za miezi ya kwanza. Wanahesabishwa meno, wanapimishwa mifupa, wanatazamishwa kwato za mbuzi na za punda, nao huuliza: "Kazi hii ya mchinja nyama yatufaa nini?" Nataka kuwajibu kwa habari za mnyama wa nchi yetu, okapi. Maana wakubwa wa elimu hiyo walimkosea, tena mbele ya ulimwengu wote, kwa sababu waliitazama ngozi yake kabla ya kuutazama mguu wake.

Habari yenyewe yaanza katika mwitu wa Ituri. Wambuti walimjua okapi tangu zamani, na majirani wao wenye mashamba vilevile. Walimtega mashimoni wakamla. Wazungu walisikia habari zake katika kitabu cha Stanley kilichotoka mwaka 1890. Humo Stanley alitaja kwa maneno machache tu kwamba Wambuti wanamjua mnyama aliye kama punda, nao humwita "atti". Neno hilo "punda" ndilo lililowapoteza watu njia.

Harry Johnston, aliyekuwa mkubwa wa serikali ya Waingereza katika Uganda, alikisoma kitabu hicho. Wakati ule Mjerumani mmoja alikuwa amewateka Wambuti kadhaa, awapeleke Paris kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1900, watu walipe fedha na kuwatazama. (Hata leo ni uchungu kulisimulia jambo hilo.) Johnston aliwatoa mikononi mwake, akakaa nao muda, akawauliza habari za yule punda wa mwituni. Hawakusita: mnyama yuko, jina lake okapi, ana milia miguuni na mwili wenye rangi ya giza. Alipowarudisha kwao alipita katika kituo cha Mbeni, upande wa mto Semliki. Maofisa Wabelgiji wa hapo walikuwa wakimfahamu mnyama huyo, na askari walikuwa wamejitengenezea mikanda kwa ngozi yake. Johnston akapata vipande viwili vya ngozi hiyo, akavipeleka London.

Sasa sikiliza vizuri, maana kosa liko hapa. Kule mwituni viongozi wake walikuwa wamemwonyesha nyayo, wakasema, "Hizi ni za okapi." Nyayo zilikuwa za ukwato uliopasuka, yaani vidole viwili. Johnston hakusadiki. Alikwisha kuamini moyoni kwamba mnyama huyu ni wa jamaa ya farasi, na farasi ana ukwato mmoja mzima. Akafikiri wanamfuatisha nyayo za pofu. Watu waliozaliwa na yule mnyama katika mwitu mmoja walisema kweli, na mgeni akaona yeye ndiye ajuaye!

Mwaka 1901 bwana Sclater, katibu wa chama cha elimu ya wanyama cha London, akampa mnyama jina kwa vile vipande viwili: Equus johnstoni. Kwa desturi iliyowekwa na Linnaeus, Mswedi, katika kitabu chake cha mwaka 1758, kila mnyama hupewa majina mawili: la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Equus ni ukoo wa farasi, punda na punda milia. Basi jina si pambo. Kumwita mtu Equus ni kushuhudia kwamba mguu wake, meno yake na tumbo lake ni kama vya farasi. Lakini huko London hakuna aliyekuwa ameona hata jino moja!

Mwaka ule ule Karl Eriksson, ofisa Mswedi aliyekuwa Mbeni, akapeleka ngozi nzima na mafuvu mawili ya vichwa. Johnston alipoyatazama alitambua kosa lake, naye alilikubali bila kujificha. Kwa hilo namheshimu. Ukwato ulikuwa umepasuka. Chonge za taya la chini zilikuwa na sehemu mbili, kama jani lililopasuliwa ncha, na meno ya namna hiyo ni alama ya jamaa ya twiga. Baadaye ilionekana pia kwamba dume ana pembe fupi zilizofunikwa kwa ngozi, kama za twiga. Tena okapi hucheua, na farasi hacheui kamwe. Msomaji wa kitabu cha Walawi atakumbuka kwamba Musa naye aliwapanga wanyama kwa kwato na kwa kucheua, wala hakuuliza rangi.

Ray Lankester wa London akamwekea ukoo wake peke yake, Okapia, kwa jina la wenyeji. Uchunguzi wa jeni uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba okapi na twiga walitengana yapata miaka milioni 11 na nusu iliyopita. Milia basi ilimjia okapi kwa njia yake, na punda milia kwa njia yake. Rangi hubadilika upesi katika vizazi. Meno na mifupa hukawia kubadilika. Ndiyo sababu mwanafunzi hupewa fuvu la kichwa kabla ya ngozi.

Leo jina lake ni imara, lakini mwenye jina yumo hatarini. Hifadhi ya okapi ilianzishwa Ituri mwaka 1992. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia, na mwaka 1997 ikaitia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Juni 2012 watu wenye silaha walivamia kituo cha Epulu, wakaua walinzi na watu wengine, pamoja na okapi 14 waliofugwa pale. Wale wa mwituni ni vigumu kuwahesabu, maana hujificha sana. Wahesabuji huingia msituni wakiongozwa na Wambuti, macho chini, wakitafuta mavi na zile nyayo za vidole viwili.