Empaako: Majina ya Heshima ya Watu wa Toro

Katika nchi ya Toro, upande wa magharibi wa Uganda, uko mji uliojengwa juu ya vilima karibu na milima ya Ruwenzori, nao mto Mpanga hupita ndani yake ukienda kumwagika katika Ziwa George. Mji huu huitwa Fort Portal. Wasafiri wengi hupita hapa kwa haraka, wakienda kutazama milima yenye theluji au sokwe wa msitu wa Kibale. Wachache hukaa hata wakawajua wenyeji. Basi twapenda kueleza habari zao kidogo, na hasa desturi yao moja ya majina, kwa maana yawahusu wote wafundishao na wabatizao.

Jina la mji si la wenyeji. Latokana na ngome ya Waingereza, iliyoitwa kwa jina la Sir Gerald Portal, balozi wao wa Unguja, aliyefika Uganda mwaka 1893 akafa mwaka uliofuata. Lakini ufalme wa Toro ni wa zamani kuliko ngome hiyo. Karibu na mwaka 1830 Kaboyo, mwana wa mfalme wa Bunyoro, alijitenga na baba yake akatawala nchi hii mwenyewe. Baadaye Wanyoro waliirudia kwa vita, hata mwaka 1891 Lugard alipomweka Kasagama katika kiti cha wazee wake. Serikali ya Uganda ilizifuta falme zote mwaka 1967. Ule wa Toro ulirudishwa mwaka 1993, na jumba la mfalme lasimama kilimani juu ya mji.

Mgeni aingiapo katika nyumba ya Mtoro huulizwa kwanza empaako yake, ndipo asalimiwe. Kwa kuwa salamu isiyo na empaako huonekana kama salamu nusu. Empaako ni jina la upendo na heshima, lililo mbali na jina la mtu mwenyewe na la ukoo wake. Majina hayo ni kumi na mawili tu kwa watu wote: Amooti, Abwooli, Akiiki, Atwooki, Adyeeri, Abbooki, Ateenyi, Apuuli, Araali na mengineyo, na moja, Okaali, ni la mfalme peke yake. Mengi kati yake hupewa wanaume na wanawake sawasawa. Kumtaja mzee kwa jina lake tupu ni utovu wa adabu. Na watu wawili wakigombana, yule amwitaye mwenzake kwa empaako amekwisha kuanza kupatana naye.

Mtoto hupewa empaako nyumbani, mbele ya mkuu wa ukoo. Mashangazi humpokea, wakamtazama uso na viungo, wapate kujua amefanana na nani katika jamaa. Na kwa mfano huo jina huchaguliwa, kisha mkuu wa ukoo hulitangaza. Halafu wote hula pamoja ulezi na nyama iliyokaushwa kwa moshi, mtoto akapewa zawadi, na mti hupandwa kwa heshima yake.

Wataalamu wengi husema kwamba majina haya asili yake ni Kiluo, yakaja pamoja na Wabito, waliotawala Bunyoro zamani. Hivyo kila salamu ya asubuhi yachukua habari ya kale isiyoandikwa.

Walimu wa Injili, mmoja wao Apolo Kivebulaya, walifika Toro kutoka Buganda mwaka 1895. Mwaka 1896 Kasagama alibatizwa akaitwa Daudi. Lakini hakuacha kuwa Kasagama. Mafundisho ya kwanza yalikuwa kwa Kiganda. Ndipo H. E. Maddox wa misheni akajifunza lugha ya wenyeji, akatoa kitabu cha sarufi yake mwaka 1902, na kufasiri Maandiko, watu wapate kusoma kwa maneno ya mama zao.

Lakini siku hizi wako wahubiri wasemao kwamba empaako ni ya kishenzi, wakawakataza wafuasi wao kuitumia. Na vijana wengi wa mjini hawakufanyiwa sherehe yake, wala lugha yenyewe hawaijui vema. Kwa sababu hiyo, mwaka 2013 UNESCO iliiandika empaako katika orodha ya desturi zihitajizo kulindwa kwa haraka.

Sisi twaona kwamba hapa pana jambo la kufikiriwa sana. Simoni alipopewa jina la Petro, Maandiko hayakuona haya kumwita Simoni Petro. Jina la ubatizo halikuja kulifukuza jina ambalo kwalo mtoto alipokewa na jamaa zake. Ikiwa katika sherehe pana jambo lisilopatana na imani, na lichunguzwe kwa subira pamoja na wazee. Lakini jina lipatanishalo wagombanao si adui wa Injili. Mwalimu apelekwaye Toro na akubali kuulizwa empaako yake. Na kama hana, aombe apewe. Wenyeji humpa mgeni kwa furaha, na tangu siku hiyo haitwi mgeni tena.