Ngome ya Chetambe, 1895

Kwenye kilima hiki kinachotazama Webuye, Wabukusu walijihami nyuma ya ukuta wa udongo na handaki. Charles Hobley, ofisa wa serikali ya Uingereza, alidai wasalimishe bunduki walizozitwaa, wakakataa. Jeshi lake lilikuwa limekwisha kuivunja ngome ya Lumboka, upande wa Bungoma. Lilikuwa na askari wa Kisudani, Waganda, na, jambo linalouma hadi leo, majirani zao Wawanga chini ya mfalme wao, Nabongo Mumia. Mikuki haikufua dafu mbele ya bunduki ya rasharasha. Wengi waliuawa, wanawake na watoto wakatekwa, ng'ombe wakaswagwa.

Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaleta wafuasi wake hapa kuwakumbuka waliokufa. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo.