Mchezo wa Susana: Habari za Mafundisho ya Ndoa kwa Njia ya Maigizo

Walimu wengi wamejaribu kuwafundisha wachumba mambo ya ndoa ya Kikristo kwa mchezo mfupi, na wazee wa kanisa wengine wamenung'unika, wakisema kwamba neno lenyewe, mchezo, halipatani na jambo zito kama hili. Manung'uniko hayo yana sababu. Katika Kiswahili mchezo ni wa watoto, au ni wa ngoma, na mtu akitaka kuonya husema, "Hili si mchezo." Lakini neno la Wajerumani, Spiel, nalo lina maana ya michezo ya watoto, na mwalimu mmoja wao hakuona haya kuliandika juu ya kitabu chake mwaka 1536, akikiita mchezo wa kiroho.

Mtu huyo ni Paul Rebhun, mzaliwa wa Austria. Alisoma Wittenberg, akafundisha shule huko Kahla na Zwickau, na mwisho akawa mchungaji wa Oelsnitz. Siku zake mambo ya ndoa yalikuwa yamevurugika sana. Kwa karne nyingi watu walikuwa wamefundishwa ya kuwa useja watukuka kuliko ndoa. Sasa mapadre walikuwa wakioa, na Martin Luther mwenyewe alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa, mwaka 1525. Tena kwa sheria ya kale ya Kanisa, mwanamume na mwanamke wakipeana neno la ndoa peke yao, pasipo mzazi wala shahidi, walikuwa wamekwisha kufungwa. Basi mashauri yalikuwa mengi, huyu akidai kwamba aliahidiwa, yule akikana. Luther aliandika kitabu juu ya mashauri hayo mwaka 1530, na Kanisa la Roma nalo, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1563, liliamuru ndoa ifungwe mbele ya padre na mashahidi.

Lakini kitabu hakimfikii asiyejua kusoma. Luther, katika dibaji zake za Biblia ya mwaka 1534, alisema kwamba habari za Yudithi zafaa kuwa mchezo wa huzuni, na za Tobiti mchezo wa furaha. Hans Sachs, fundi wa viatu wa Nürnberg, alikuwa amekwisha kutunga mchezo wa Tobiti mwaka 1533. Habari hizo ni za ndoa tangu mwanzo: Tobia na Sara wanasali pamoja usiku wa arusi yao. (Waliozoea kuhesabu ng'ombe za mahari na waangalie pia kwamba baba wa bibi arusi ndiye aliyetoa, nusu ya mali yake.)

Rebhun alichagua Susana, mke mwaminifu aliyesingiziwa uzinzi. Mchezo wake uliigizwa Kahla mwaka 1535, ukapigwa chapa Zwickau mwaka uliofuata, nao una sehemu tano, na nyimbo kati yake. Ni nani waliomsingizia? Wazee wawili, tena waamuzi wa watu. Walimtamani, akawakataa, wakamshitaki. Na wangalimwua, kama kijana Danieli asingaliwatenga na kumwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani alipomwona. Kila mmoja alitaja mti wake. Yamkini wazee wetu, ambao nao huamua mashauri ya ndoa, wana sababu ya pili ya kutopenda michezo.

Mwaka 1538 Rebhun alitoa mchezo mwingine, wa arusi ya Kana ya Galilaya, kwa heshima ya ndoa iliyoagizwa na Mungu. Mtu angedhani kwamba huu ndio ufaao zaidi. Sisi twaona sivyo. Injili ya Yohana haitaji jina la bwana arusi wala la bibi arusi, wala haisemi neno moja alilonena bibi arusi. Basi mtungaji hana budi kuwatilia maneno yake mwenyewe, nayo huwa ni maneno ya mimbarini. Wasikiao hujua mara moja kwamba wanahubiriwa. Katika Susana hakuna haja ya kuisifu ndoa: mke anachagua kufa kuliko kuivunja, na kila mtu ameona.

Hata hivyo mchezo huo una upungufu, na mwalimu atakayeutumia aujue. Anayejaribiwa ni mke tu. Yoakimu mumewe hajaribiwi kwa lolote, na katika habari yenyewe hatuambiwi kwamba alimtetea mkewe mbele ya baraza. Wanawake wakiutazama watauliza yu wapi mume, na swali hilo ni la haki. Twawashauri walimu wasilikwepe, bali wamwulize kijana aigizaye Yoakimu, mbele ya watu wote, alifanya nini siku ile mkewe alipohukumiwa.

Mwaka 1546, mwaka aliofariki, Rebhun aliwatolea watu wa ndoa kitabu juu ya amani ya nyumbani. Hicho hakikuwa mchezo.