Land Rover ya babu: historia ya Maniema kwa njia ya piesi



Mwaka jana baba mdogo alinipigia simu kutoka Nyangwe. Wanunuzi wa vyuma walikuwa wamefika na mizani yao, na Land Rover ya babu imelala nyuma ya nyumba tangu vita. «Niwaachie?» Nilimwomba anipe wiki mbili. Pesa sikuwa nayo, ila nilitaka kwanza kujua kama lile gari linaweza kutembea tena. Basi nikaanza kutafuta piesi, na kumbe nilikuwa naanza kusoma historia ya kwetu.

Tuanze mbali kidogo. Chombo cha safari kutoka nje kimezoea kufika kwetu vipande vipande. Oktoba 1876 Stanley aliingia Nyangwe na mashua yake, Lady Alice. Ilitengenezwa Uingereza kwa namna ya kufungulika, na wapagazi waliibeba kwa mabega toka Bagamoyo. Ubao ukivunjika njiani, hakuna duka: ni kukata mti na kuchonga. Ile njia ya misafara, Ujiji, ziwa, Kabambare, Kasongo, Nyangwe, muishike kichwani. Tutairudia.

Halafu ikaja reli. Kampuni ya CFL iliundwa 1902. Reli ya Kindu–Kongolo ilimalizika 1911, ile ya Kabalo–Albertville (Kalemie ya leo) ikafika ziwani 1915. Tangu hapo piesi ya Ulaya ilikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni Matadi: treni hadi Léopoldville, meli hadi Stanleyville, treni hadi Ponthierville, meli tena hadi Kindu. Wa pili ni Dar es Salaam: treni hadi Kigoma, meli hadi Albertville, kisha treni. Hesabuni wenyewe sanduku moja la vyuma lilishushwa na kupakiwa mara ngapi! Na reli yenyewe iko upande wa kushoto wa Lualaba, sisi wa Nyangwe na Kasongo tuko kulia, kwa hiyo mwishoni bado kuna kuvuka mto. Ilichukua miezi, lakini ilifika. Mtu alijua njia ya kuagiza.

Sasa gari lenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Aprili 1948. Chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo sababu hata leo, ukikuta Land Rover imeachwa kwenye majani miaka ishirini, bodi inaonekana nzima. Usidanganyike. Shasi ni ya chuma, inaliwa na kutu kutoka ndani, na mvua zetu mnazijua.

Babu alinunua ya kwake 1976, imekwisha kutumika. Ni Series III, ile iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Alizunguka nayo vijijini kununua mchele, akaupeleka mtoni uvushwe kwenda kwenye reli. Wakati aliponunua gari, duka la piesi lilikuwa limekwisha kuanza kufa. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitaingia mikononi mwa Wazairwa. Wengi waliozipokea hawakuwa watu wa biashara. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu, hawakuagiza kingine. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kuanguka, na pesa ya kununulia vitu nje ikawa shida.

Babu alikuwa na daftari. Kila piesi aliyofunga aliandika mwaka na mahali ilipotoka. Nimelisoma lote. 1977, resori: Kindu. 1983, pampu ya maji: Lubumbashi, kwa treni. 1990, diski ya klachi: Bujumbura. 1995, dinamo: «imetolewa kwenye gari lingine». Hapo daftari linaisha. Angalieni jinsi duka linavyozidi kwenda mbali, mpaka mwisho hakuna duka tena, kuna maiti ya gari la jirani. Mwaka uliofuata vita vikaanza. Vikarudi tena 1998, na treni ya kutoka Lubumbashi ilikaa miaka bila kuonekana Kindu, mpaka 2004.

Kilichosimamisha gari la babu ni kitu kidogo: ekseli ya ndani inayozungusha gurudumu la nyuma. Wenye Land Rover za zamani wanaujua ugonjwa huo. Ukiingia kwenye matope na mzigo, ukakanyaga kwa haraka, inakatika.

Nikaitafuta. Kila fundi niliyemuuliza alinionyesha piesi za Land Cruiser, maana ndiyo magari ya mashirika siku hizi. Haziingii. Hata bulo hazikubali: Land Rover hii inapimwa kwa inchi, Toyota kwa milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ufunguo wa 13 unashika kidogo, unateleza, unakula kona zote, na hapo hata kufungua hutaweza tena.

Nikapata ekseli moja Lubumbashi kwa simu. Nikalipa, nikangoja wiki saba. Ilipofika ilikuwa fupi. Kosa langu mwenyewe: kwenye gari hili ekseli ya kushoto na ya kulia hazina urefu sawa, na mimi sikusema upande gani. Lisansi ya agronomi haikunisaidia kitu siku ile.

Ya kweli ilikuwa karibu na Kasongo, kwenye kiwanja cha mama mmoja mzee. Gari la marehemu mume wake lilikuwa limesimama chini ya mwembe, magurudumu hakuna. Aliniuliza swali moja tu: «Mwanangu, ukitoa hicho chuma, hili la kwangu litaamka tena?» Nilimjibu ukweli: hapana. Alinyamaza sana. Kisha akakubali kwa dola arobaini na sharti moja: jina la mume wake liandikwe kwenye daftari la babu. Nimeliandika.

Njiani kurudi niliwaza juu ya meli ya Liemba, ambayo wengi wenu mmeisikia. Wajerumani waliijenga Papenburg 1913, ikafunguliwa, ikafungwa ndani ya masanduku, ikasafiri hadi Kigoma kujengwa upya. Julai 1916, waliposhindwa, waliizamisha wenyewe ziwani. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini mafuta mazito. Waingereza waliiinua 1924, wakakuta mashine bado zinafaa, na 1927 ikaanza kazi tena. Mwaka 1997 ilirudisha Uvira ndugu zetu waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Watu wale walikuwa wanapoteza vita, na bado walimfikiria yule atakayekuja kufufua.

Kwetu nani alipaka mafuta? Mafundi wa zamani wamekufa na elimu yao, magari yanauzwa kwa kilo, na reli imechoka. Piesi za leo zinatoka Uvira kwa lori na pikipiki, kupitia Fizi na Kabambare. Ni karibu ile ile njia ya wapagazi niliyowaambia muishike. Tumezunguka miaka mia na hamsini kurudi pale pale. Na mchele wa vijijini unangoja, unaliwa na panya, kwa kukosa chuma kirefu kama mkono.

Gari la babu limewaka mwezi wa tatu. Breki bado hazijashika vizuri, halijafika Kasongo, linaenda mtoni na kurudi. Baba mdogo aliwaambia watu wa mizani wapite tu.

Nawaomba jambo dogo. Kabla nyumbani kwenu hawajauza gari, mashine ya kukoboa au injini ya zamani, ondokeni na karamu. Andikeni namba ya shasi, mwaka, nani aliiendesha, piesi gani nzima na ya upande gani. Mwekeeni mafuta atakayekuja. Kisha mniambie hapa chini: kwenu kuna gari gani limelala, na bado lina ekseli ya kulia?