Reli ya Mwanza na Njia Yake ya Kasi

Reli ya Mwanza ni tawi la Reli ya Kati litokalo Tabora, lililofika Mwanza mwaka 1928, ambalo watu wa Ngulyati na Bariadi, wasio na stesheni kwao, hulifuata kwa barabara ya Maswa hadi Malampaka. Kuharakisha safari si kuongeza nguvu za kichwa cha treni tu. Kwani reli za kale, zenye upana wa mita 1, zina kona ambako dereva hana budi kupunguza mwendo, la sivyo behewa litalalia upande na chai ya abiria itamwagika. Ndiyo sababu serikali iliazimia kujenga njia mpya ya milimita 1,435, yenye kona pana, iendeshwayo kwa umeme, kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa. Na kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 2021. Kwa rai yetu, saa zitakazookolewa relini zitapotea barabarani endapo mabasi ya Bariadi hayatapangiwa nyakati za kulaki treni stesheni.